Schomburg: Karani wa benki aliyeipa maktaba ya mtaa historia ya watu weusi

KATIKA mtaa wa Harlem, jijini New York, lipo jengo la maktaba lenye umri wa zaidi ya karne moja. Lilifunguliwa mwaka 1905 kama tawi la kawaida la maktaba ya umma, mahali pa kuazima kitabu na kukirudisha. Leo sehemu hiyo ya barabara ya 135 inajulikana duniani kote kwa wanaotafuta habari za watu weusi, kuanzia wanafunzi wa sekondari hadi maprofesa. Jina lililoandikwa pale ni la mtu ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu, hakuwahi kuwa tajiri na kwa zaidi ya miaka 20 alijipatia riziki kwa kushughulikia barua katika benki.

Mtu huyo ni Arturo Alfonso Schomburg. Alizaliwa Januari 24, 1874 katika eneo la Santurce, San Juan, kisiwani Puerto Rico, wakati kisiwa hicho kikiwa bado koloni la Hispania. Utumwa ulikuwa umefutwa kisiwani humo mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1873. Mama yake, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, asili yake ilikuwa kisiwa cha St. Croix kilichotawaliwa na Denmark. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Ujerumani, na ndiye aliyempa jina hilo la ukoo.

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho kimesimuliwa mara nyingi katika maisha ya Schomburg. Inaelezwa kwamba akiwa mwanafunzi, mwalimu mmoja alimwambia kuwa watu weusi hawana historia, hawana mashujaa na hawajafanya jambo lolote la kukumbukwa. Wenzake wenye asili ya Ulaya walikuwa wakijisifu kwa mababu zao, naye hakuwa na la kujibu. Neno lile lilimchoma. Maisha yake yote yaliyofuata yanaweza kusomwa kama jibu kwa mwalimu yule, jibu lililoandaliwa kwa muda wa takriban nusu karne, kitabu baada ya kitabu.

Safari ya New York

Schomburg aliwasili New York mwezi Aprili mwaka 1891, akiwa kijana wa miaka 17. Mji huo ulikuwa na Wacuba na Wapuerto Rico wengi waliokuwa wakipigania visiwa vyao vijitoe katika mikono ya Hispania. Kijana huyo hakuchelewa kujiunga nao. Mwaka 1892 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya kisiasa iliyoitwa Las Dos Antillas, naye akawa katibu wake. Klabu hiyo ilikusanya fedha na misaada kwa ajili ya wapiganaji.

Matumaini hayo yaliishia njia panda. Kiongozi wa harakati za Cuba, José Martí, aliuawa vitani mwaka 1895. Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania katika vita na kuichukua Puerto Rico. Kisiwa alichozaliwa Schomburg kikabadilisha mtawala bila kupata uhuru. Tangu hapo alianza kuielekeza nguvu yake upande mwingine. Alijiona kuwa sehemu ya jamii kubwa zaidi ya watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika kila pembe ya dunia, na akaanza kutumia jina la Arthur badala ya Arturo. Wapo Wapuerto Rico waliomwona kuwa amewapa kisogo. Hata hivyo, aliendelea kusoma, kuandika na kutafsiri Kihispania hadi mwisho wa maisha yake, na lugha hiyo ndiyo iliyomfungulia milango ambayo wasomi wengi weusi wa Marekani hawakuwa na ufunguo wake.

Kazi za kujipatia mkate hazikuwa za kujivunia. Alikuwa tarishi na karani katika ofisi ya mawakili, ambako aliitamani taaluma ya sheria bila kufanikiwa kuingia. Mwaka 1906 aliajiriwa na benki ya Bankers Trust Company, na kwa miaka mingi alisimamia barua za benki hiyo zilizohusu Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Alioa mara tatu, na kwa sadfa wake zake wote watatu waliitwa Elizabeth. Alikuwa na watoto wa kulea na mshahara wa karani.

Haba na haba

Ni katika maisha hayo ya kawaida ndipo Schomburg alipoanza kukusanya. Baada ya saa za kazi na siku za mapumziko alipita katika maduka ya vitabu vikuukuu, kwenye minada na kwa wauzaji wa karatasi chakavu. Aliwaandikia barua wauza vitabu wa ng'ambo na kuwaomba marafiki wanaosafiri wamtazamie machapisho katika miji waendako. Alitafuta vitabu, vijitabu, barua, hati, magazeti na michoro, ili mradi viwe vimeandikwa na watu weusi au vinawahusu.

Faida moja aliyokuwa nayo ni kwamba wauzaji wengi hawakujua thamani ya walichonacho. Karatasi zilizokuwa zikitupwa na wengine aliziona kuwa ushahidi. Alizipata kazi za Phillis Wheatley, binti aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston, ambaye mashairi yake yalichapishwa kitabu London mwaka 1773. Alikusanya almanaki za Benjamin Banneker, Mmarekani mweusi aliyejifundisha unajimu na hesabu katika karne ya 18. Alizipata nyaraka zinazomhusu Toussaint Louverture, aliyeongoza watumwa wa Haiti katika mapambano yaliyozaa taifa huru mwaka 1804. Alifuatilia habari za Juan Latino, mtu mweusi aliyefundisha Kilatini huko Granada, Hispania, katika karne ya 16 na kuandika tenzi kwa lugha hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba ya Schomburg huko Brooklyn ilijaa vitabu kiasi kwamba, kwa masimulizi ya waliomjua, hakukuwa na chumba kilichosalimika. Wasomi, waandishi na wanafunzi walifika pale kuomba msaada, naye aliwaazima vitabu kwa ukarimu, wakati mwingine bila uhakika kwamba vingerudi.

Hakuwa akifanya kazi hiyo peke yake. Mwaka 1911 yeye na mwandishi wa habari John Edward Bruce walianzisha chama cha utafiti wa historia ya watu weusi, kilichokusanya vitabu na kuwasiliana na wasomi wa Afrika, Karibi na Ulaya. Baadaye alichaguliwa kuwa rais wa American Negro Academy, jumuiya ya wasomi weusi iliyoanzishwa Washington mwaka 1897. Wengi wa wanachama wake walikuwa na shahada za vyuo vikuu mashuhuri. Karani wa benki asiye na shahada akawa kiongozi wao, ingawa hawakukosekana waliomtilia shaka kwa sababu hiyo hiyo.

Maktaba ya barabara ya 135

Wakati Schomburg akijaza rafu zake Brooklyn, mtaa wa Harlem ulikuwa ukibadilika. Tawi la maktaba la barabara ya 135 lilikuwa moja ya majengo yaliyotokana na fedha za tajiri wa chuma Andrew Carnegie, ambaye mwaka 1901 aliahidi jiji la New York dola milioni 5.2 kwa ajili ya maktaba za matawi. Lilipofunguliwa, wakazi wengi wa jirani walikuwa Wayahudi. Miaka 15 baadaye, maelfu ya watu weusi walikuwa wamehamia Harlem kutoka majimbo ya kusini walikokimbia umaskini na mauaji ya kikabila, na wengine kutoka visiwa vya Karibi.

Mwaka 1920 uongozi wa tawi hilo ulikabidhiwa mkutubi mzungu, Ernestine Rose. Alitambua mapema kwamba maktaba isiyofanana na mtaa wake itabaki tupu. Mwaka huo huo aliajiriwa Catherine Latimer, mkutubi wa kwanza mweusi katika mfumo wa Maktaba ya Umma ya New York. Wakutubi wengine weusi walifuata, akiwamo Nella Larsen ambaye baadaye alivuma kama mwandishi wa riwaya, na Regina Anderson aliyekuwa rafiki na msaidizi wa waandishi wengi chipukizi.

Maktaba ikageuka kuwa uwanja wa mtaa mzima. Watoto walisomewa hadithi, wahamiaji walipata mahali pa kujisomea, wasanii walionyesha picha zao na wasemaji walitoa mihadhara. Mwaka 1921 yalifanyika maonyesho ya sanaa za watu weusi, na Schomburg alikuwa miongoni mwa walioyafanikisha. Mwaka huo huo kijana aitwaye Langston Hughes alifika Harlem, na maktaba hiyo ilikuwa moja ya sehemu za kwanza alizozitembelea. Katika ukumbi wa chini ya jengo, kikundi cha maigizo kilichoanzishwa na W. E. B. Du Bois kilionyesha michezo yake katikati ya miaka ya 1920.

Mafanikio hayo yalileta tatizo ambalo wengi wasingelitarajia. Vitabu vichache vilivyohusu watu weusi viliazimwa mno hadi vikaanza kuchakaa, na vingine havikuweza kupatikana tena sokoni. Mwishoni mwa mwaka 1924 wakazi waliitwa kujadili jambo hilo. Iliundwa kamati, na Schomburg akachaguliwa kuwa mwenyekiti wake. Uamuzi ulikuwa kwamba vitabu adimu vitengwe, visomwe humo humo maktabani bila kuazimwa. Mei 1925 kitengo maalumu cha maandiko, historia na michoro ya watu weusi kilifunguliwa katika ghorofa ya juu ya jengo hilo.

Mwaka huo huo Schomburg alichapisha insha iliyomletea sifa kubwa, kuhusu haja ya watu weusi kuchimbua yaliyopita ili kuujenga wakati ujao. Ilitokea kwanza katika jarida la Survey Graphic, kisha katika kitabu cha The New Negro kilichohaririwa na Alain Locke. Hoja yake ilikuwa kwamba historia ya kweli hujengwa kwa ushahidi, na kwamba majivuno yasiyo na hati hayawezi kumshinda anayekudharau. Mwacha asili ni mtumwa, husema Waswahili. Schomburg alitaka asili hiyo iwe na karatasi za kuithibitisha.

Kuuza alichokipenda

Mwaka 1926 ulifika wakati wa uamuzi mgumu. Mkusanyiko wake ulikuwa umefikia takriban vitabu 5,000, hati 3,000, michoro 2,000 na vijitabu maelfu kadhaa. Nyumba haikutosha, moto ungeweza kuteketeza kila kitu kwa usiku mmoja, na mwenyewe alikuwa amepita umri wa miaka 50. Angeweza kuwagawia matajiri wakusanyaji kidogo kidogo, au kukipa chuo kikuu kimoja kikaweka vitabu nyuma ya milango ambayo mtu wa kawaida haifikii.

Kwa msaada wa viongozi wa shirika la National Urban League, taasisi ya Carnegie Corporation ilikubali kununua mkusanyiko wote kwa dola 10,000 na kuukabidhi kwa Maktaba ya Umma ya New York, uwekwe kwenye tawi la barabara ya 135. Kwa hiyo vitabu vya Schomburg vikaenda kukaa Harlem, hatua chache kutoka vibaraza walipochezea watoto wa wafua nguo, wapishi na wabeba mizigo. Mtu aliyeambiwa utotoni kwamba hana historia alihakikisha kwamba mtoto wa mtaa ule angeweza kupanda ngazi, kuomba kitabu na kujibiwa bila kulipa hata senti.

Sehemu ya fedha hizo aliitumia kusafiri Ulaya mwaka huo huo. Alikwenda Hispania, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Huko Seville alipekua hifadhi za nyaraka za makoloni ya Hispania, akitafuta majina ya watu weusi yaliyofunikwa na vumbi. Alifuatilia kazi za Juan de Pareja, mchoraji aliyewahi kuwa mtumwa wa mchoraji mashuhuri Diego Velázquez. Aliyoyapata aliyaandika katika majarida ya Wamarekani weusi, na vitabu alivyonunua aliviongeza katika maktaba ile ile aliyokwisha kuiuzia.

Kurudi Harlem

Baada ya kustaafu benki, Schomburg alialikwa kwenda Nashville, jimbo la Tennessee, kusimamia mkusanyiko wa vitabu vya watu weusi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Fisk. Alikaa huko kuanzia mwaka 1931 hadi 1932, akaongeza vitabu kutoka zaidi kidogo ya 100 hadi maelfu kadhaa. Kisha kwa ruzuku nyingine ya Carnegie Corporation alirudi Harlem kuwa msimamizi wa mkusanyiko uliotokana na jasho lake mwenyewe.

Kurudi huko hakukuwa kwepesi. Hakuwa mkutubi wa kusomea, na Catherine Latimer alikuwa amekitunza kitengo hicho kwa miaka mingi kabla yake. Ujio wa Schomburg ulizua manung'uniko, na Du Bois alikuwa upande wa Latimer. Inasimuliwa pia kwamba alipenda kupanga vitabu kwa rangi na ukubwa wa majalada, mtindo uliowakera waliofundishwa kanuni za ukutubi. Alikuwa na kumbukumbu kubwa kiasi kwamba aliweza kumwelekeza mgeni kwenye ukurasa anaoutaka, lakini kumbukumbu ya mtu mmoja haiwezi kuwa orodha ya maktaba. Udhaifu huo ulihitaji wengine kuurekebisha baada yake.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Bajeti ya kununua vitabu ilikuwa ndogo, hivyo aliomba, alishawishi na mara nyingine alitumia fedha zake. Mwaka 1934 mchoraji Aaron Douglas alikamilisha kwa ajili ya jengo hilo picha kubwa nne za ukutani zinazosimulia safari ya watu weusi kutoka Afrika, kupitia utumwa, hadi maisha ya mjini. Kijana mwingine, Jacob Lawrence, alikuwa akishinda hapo akisoma habari za Toussaint Louverture. Mwaka 1938 alimaliza mfululizo wa picha 41 kuhusu shujaa huyo. Mtoto wa Harlem aliyezaliwa mwaka 1924, James Baldwin, naye alizoea kuingia katika maktaba hiyo na kusoma vitabu vyake kwa uchu kabla ya kuwa mwandishi mkubwa.

Schomburg alifariki dunia Brooklyn Juni 10, 1938, akiwa na umri wa miaka 64, baada ya maradhi yaliyotokana na jino. Mwaka 1940 mkusanyiko huo ulipewa jina lake. Mwaka huo huo, katika ukumbi wa chini wa maktaba, lilianzishwa kundi la American Negro Theatre, ambalo vijana Sidney Poitier na Harry Belafonte walipitia kabla ya kujulikana duniani.

Mwaka 1972 mkusanyiko ulipandishwa hadhi na kuwa kituo cha utafiti ndani ya mfumo wa Maktaba ya Umma ya New York, na mwaka 1980 jengo jipya lilifunguliwa jirani na lile la zamani. Majivu ya Langston Hughes yalizikwa chini ya sakafu ya kituo hicho mwaka 1991. Jengo la mwaka 1905 lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 2017. Ilipofika mwaka 2025, miaka 100 tangu kitengo cha kwanza kifunguliwe, kituo kilikuwa na kumbukumbu zaidi ya milioni 11: vitabu, barua, picha, kanda za sauti, filamu na vitu vya sanaa.

Hesabu hizo ni kubwa, lakini chanzo chake kilikuwa kidogo. Palikuwa na karani aliyetumia mshahara wake kununua karatasi zilizodharauliwa, mkutubi aliyeufungulia mtaa milango, na wakazi waliovisoma vitabu hadi vikachakaa. Kama mmoja wao angekosekana, mengi ya yaliyomo humo yangeishia kwenye moto au mikononi mwa wachache. Katika miji mingi bado zipo maktaba za mitaa zenye rafu zilizolegea na viti vinavyopungua, na watoto wanaopita mlangoni bila kujua kama wanaruhusiwa kuingia. Maisha ya Schomburg yanawakumbusha wenye mamlaka juu ya maktaba hizo kwamba mtoto aliyeambiwa hana historia anahitaji, kabla ya yote, mahali pa kwenda kuitafuta.